Posta, Kariakoo na Amri ya Nane: Historia Fupi ya Habari na Wapokeaji Wake Jijini Dar es Salaam

1. Utangulizi

Sehemu mbili za jiji la Dar es Salaam zina majina yanayostahili kufikiriwa na mwanahistoria. Katikati ya jiji huitwa Posta, kwa sababu ya majengo ya posta yaliyomo. Wakazi hutofautisha Posta ya Zamani, iliyo upande wa bandari, na Posta Mpya, iliyo katika Mtaa wa Azikiwe. Kariakoo nayo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, Carrier Corps, ambacho kambi yake iliwekwa pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Jina la kwanza ni la chombo kinachobeba habari, na la pili ni la watu waliobebeshwa mizigo ya wengine.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi habari zilivyowafikia watu wa sehemu hizo mbili tangu enzi ya Wajerumani hadi leo, na hasa jinsi watu hao walivyozipokea. Historia ya vyombo vya habari kwa kawaida huandikwa kwa kuwafuata wenye vyombo: nani alianzisha gazeti, nani alilifunga. Hapa tutamfuata zaidi msomaji na msikilizaji. Hoja yetu ni kwamba kwa muda mrefu watu wa jiji hili walizipima habari wakiwa pamoja, barazani na sokoni, na kwamba karibu kila chombo kipya kilichoingia kilipunguza nafasi hiyo ya kupima pamoja, hadi tukafika kwenye simu ambayo mtu huitazama peke yake usiku. Kanisa, ambalo kwa asili yake ni kusanyiko la watu wanaolisikia Neno pamoja, haliwezi kulitazama jambo hili kama la wengine.

2. Gazeti moja, wasikilizaji wengi

Magazeti ya kwanza ya mji huu hayakuandikwa kwa ajili ya wenyeji. Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililoanza mwaka 1899, lilikuwa gazeti la Kijerumani lililotetea maslahi ya walowezi. Kwa Kiswahili, Misheni ya Berlin ilianza kutoa Pwani na Bara hapo Dar es Salaam mwaka 1910, na mwaka huohuo Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu. Walutheri basi tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwapatia watu wa mji huu habari zilizochapishwa kwa lugha yao. Kwa kadiri ileile tulikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwachagulia yapi wayajue na yapi wasiyajue, kwa maana gazeti la misheni chini ya dola ya kikoloni halikuwa na uhuru wa kuandika jambo lililoiudhi serikali.

Vita Kuu ya Kwanza iliyakomesha magazeti hayo. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Waingereza ilianza kutoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoleta habari za dunia, mafundisho ya kilimo na afya, mashairi, na barua za wasomaji kutoka miji mbalimbali. Waliojua kusoma walikuwa wachache. Kwa hiyo nakala moja ilipita mikono mingi, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Kusoma kulikuwa ni tendo la baraza: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, kisha wote wanajadili. Msomaji aliyeongeza chumvi alijua kwamba yupo mzee atakayemwuliza, "Hayo yameandikwa wapi, mwanangu?" Wasiojua herufi hawakuwa wajinga wa habari, walikuwa na kipimo chao, nacho ni kumjua anayesema, kumjua anayesemwa, na kusubiri hadi shahidi wa pili apatikane.

3. Mumiani: uvumi na jeraha

Hata hivyo, baraza lilipima vizuri yale yaliyokuwa karibu nalo. Yaliyotendeka nyuma ya milango ya serikali halikuweza kuyaona. Hapo ndipo uvumi ulipopata makao. Katika mwaka wake wa kwanza Mambo Leo lilichapisha barua za wasomaji kuhusu mumiani, yaani imani kwamba wako watu wanaokamata wenzao usiku ili kuwatoa damu ya kutengenezea dawa. Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki waliotiliwa shaka walikuwa watu wa zimamoto, na katika sehemu nyingine madaktari na wapimaji wa ardhi.

Wakubwa wa serikali na baadhi ya wamisionari waliliona jambo hilo kuwa ni ushirikina tu, wakacheka. Wanahistoria wa siku zetu wamelitazama kwa makini zaidi. Waliosimulia habari za mumiani katika miaka ya 1920 walikuwa watu waliokuwa wametoka kuona makumi ya maelfu ya wapagazi wakifa kwa njaa, ugonjwa na uchovu katika vita isiyokuwa yao. Walikuwa wameona miili ya watu ikitumiwa na dola, na majina ya wengi wao yasiandikwe popote. Hakuna aliyenyonywa damu katika kituo cha zimamoto. Lakini aliyeishi Kariakoo, mahali penye jina la wapagazi hao, hakuhitaji ushahidi mwingi ili aamini kwamba wenye nguvu huishi kwa damu ya wanyonge.

Mchungaji na ajifunze hapa jambo la kwanza. Uvumi unaweza kuwa uongo kwa habari yake na wakati huohuo ukawa dalili ya jeraha la kweli. Anayekanusha habari bila kulishughulikia jeraha atakuta uvumi uleule umerudi mwaka unaofuata kwa jina jingine. Na anayelihurumia jeraha kiasi cha kuithibitisha habari isiyo kweli atakuwa amemshuhudia jirani yake uongo.

4. Wenyeji wanashika kalamu

Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda aliyeishi Dar es Salaam, alianzisha Kwetu, gazeti la kwanza nchini Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Jina lenyewe lilitosha kuwa tamko. Kwa mara ya kwanza mkazi wa mji aliweza kusoma malalamiko yake mwenyewe yakiwa yamechapwa, na kulinganisha maneno ya serikali na maneno ya mtu mwingine. Kuweza kulinganisha ndio mwanzo wa hekima ya msomaji.

Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba iliyokuwa Mtaa wa New Street, leo Mtaa wa Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo, hakikuwa na gazeti. Habari zake zilikwenda kwa mikutano ya hadhara na kwa watu waliosafiri. Mwaka 1957 ndipo Julius Nyerere alipoanza kutoa Sauti ya TANU, karatasi iliyochapwa kwa mashine ya kurudufu. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa kuwakashifu maafisa wawili wa serikali katika karatasi hiyo, akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela, faini ikalipwa. Mwaka huohuo wahariri wawili wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka 1959 lilianza Ngurumo, gazeti la bei nafuu lililopendwa na watu wa kawaida, na likaendelea hadi mwaka 1976.

Sheria za kikoloni zilidai kwamba zinamlinda msomaji dhidi ya maneno ya hatari. Msomaji hakuulizwa. Wasiwasi huo kwamba watu hawawezi kuaminiwa na habari haukuondoka na mkoloni. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliendelea kumpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na serikali zilizofuata ziliutumia uwezo huo mara kadhaa.

5. Sauti isiyo na uso

Redio ilianza Dar es Salaam mwaka 1951 kwa matangazo ya majaribio yaliyojulikana kama Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Chombo hiki kiliwafikia wasiojua kusoma bila msaada wa msomaji. Hapo faida na hasara ziliingia kwa mlango mmoja: mtu alikombolewa kutoka kwa yule anayemsomea, lakini alipoteza pia nafasi ya kumwuliza. Redio haiulizwi.

Kwamba wananchi waliutambua upungufu huu kunaonekana katika maasi ya askari ya Januari 1964. Tarehe 20 mwezi huo askari waliasi, ghasia na uporaji vikatokea jijini, na Rais hakuonekana. Siku ya pili alizungumza redioni. Tena akazunguka mitaa ya jiji ili watu wamwone kwa macho yao. Sauti ilihitaji uso wa kuithibitisha.

Jaribio kubwa zaidi la kuiunganisha redio na baraza lilifanywa katika miaka ya 1970. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye makao yake Dar es Salaam, iliendesha kampeni za redio ambazo wasikilizaji wake walikusanyika katika vikundi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwashirikisha watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa na kitabu cha kusoma. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakasoma pamoja, wakajadili, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Wasomi wa elimu wa nchi nyingine walikuja kujifunza kutoka kwetu.

Tusilitukuze jaribio hilo kupita kiasi. Sauti ilikuwa moja, ya serikali, na swali lililoruhusiwa lilikuwa "Tutatekelezaje?" kuliko "Je, ni kweli?" Hata hivyo umbo lake lilikuwa zuri: habari ilifika kwa watu walioketi pamoja, wanaojuana, ambao kesho yake wangeonana tena.

6. Soko la habari

Bara halikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, vituo vya binafsi vikafunguliwa. ITV na Radio One vilianza mwaka 1994. Magazeti ya binafsi yalikuwa yameshaanza kuongezeka, na Baraza la Habari Tanzania likaundwa mwaka 1995 ili wanahabari wajisimamie wenyewe katika maadili.

Wakati huo meza za wauza magazeti zilijaa Posta. Watu walisimama mbele yake, mikono nyuma, wakasoma vichwa vya habari bila kununua. Baraza lilikuwa bado lipo, ila limebadilika: waliosimama pale walikuwa wageni wao kwa wao, na walichokisoma ni kichwa cha habari peke yake. Wahariri walilijua hilo, wakaandika vichwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Magazeti ya udaku yakastawi kwa ufundi huo. Habari ikawa bidhaa kama nyanya za Kariakoo, nazo nzuri hupangwa juu ya fungu.

Mwaka huohuo wa 1994 jirani zetu walituonyesha mwisho wa njia mbaya. Nchini Rwanda redio RTLM, iliyoanza mwaka 1993 kwa muziki na mizaha iliyopendwa na vijana, iligeuka chombo cha kuwataja watu wa kuuawa. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi wapatao 250,000 walivuka na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu watatu, wawili wakuu wa redio hiyo na mmoja mwenye gazeti, kwa makosa yaliyotokana na kazi yao ya habari. Mwaka 2007 rufaa zilipunguza baadhi ya makosa na adhabu. Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo wengi, na wengi wa waliosikiliza redio ile walikuwa wamebatizwa.

7. Kariakoo mkononi

Leo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, unajulikana kwa maduka ya simu. Mtaa huo una jina la James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Ghana aliyezuru Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Mwenye kununua simu pale ananunua kwa pamoja posta, gazeti, redio, sinema na baraza, asichokipata ni yule mzee wa kumwuliza, "Hayo yameandikwa wapi?" Badala yake ujumbe huja na maneno "nimeipokea kama ilivyo", na aliyetuma hujiona hana hatia. Methali yetu isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja, ambayo wazee waliitumia kama tahadhari, imegeuzwa kuwa kibali.

Matukio mawili yanatuhusu sisi Walutheri moja kwa moja. La kwanza ni la mwaka 2011, wakati Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, alipotoa dawa ya kunywa katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 kikombe. Ilisemwa kwamba inaponya magonjwa sugu, UKIMWI ukiwamo. Magazeti yaliyochapwa Dar es Salaam yalibeba shuhuda za waliopona, mabasi yakajaa, viongozi wa serikali wakaenda, na wagonjwa wengine wakafariki wakiwa bado foleni. Waliosema wamepona waliwekwa ukurasa wa mbele. Waliorudi nyumbani na kufa kimya hawakuwa habari. Wachungaji wengi waliulizwa na washarika wao, "Baba, niende?" Wengine walijibu kwa kurudia yale waliyoyasoma Posta asubuhi.

La pili ni la Oktoba 2012. Mabishano ya watoto wawili wa Mbagala, Mwislamu na Mkristo, yaliishia kwa mmoja wao kuikojolea Kurani. Tendo hilo lilikuwa kweli, na uchungu wa Waislamu ulikuwa wa haki. Lakini habari ilipopita kutoka mdomo hadi mdomo na kutoka simu hadi simu, kosa la mtoto likawa kosa la dini nzima, na tarehe 12 makanisa kadhaa yakashambuliwa, likiwamo la KKKT. Wiki moja baadaye, baada ya kukamatwa kwa kiongozi mmoja wa Kiislamu, Kariakoo ilishuhudia polisi na wanajeshi wakitawanya waandamanaji mitaani. Katika tukio hili tulikuwa waathirika. Katika lile la mwaka uliotangulia baadhi yetu tulikuwa wasambazaji. Ni vema kuyakumbuka yote mawili kwa pamoja.

Serikali ilijibu kwa sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Historia tuliyoipitia haitupi sababu ya kuamini kwamba ukimya huponya uvumi. Mumiani hakuzaliwa kwa wingi wa habari. Alizaliwa mahali ambapo watu hawakuambiwa kitu na hawakuwa na wa kumwuliza. Kinyume chake, Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kwa malalamiko ya kodi, Waziri Mkuu alikutana nao Mnazi Mmoja, wakasema mbele yake, naye akajibu mbele yao. Baraza lilifanya kazi yake ya zamani.

8. Mafundisho kwa huduma ya Kanisa

Kwanza, somo hili lina mahali pake katika Kipaimara. Katika hesabu ya Katekisimu Ndogo ya Luther, amri ya nane ndiyo inayokataza ushuhuda wa uongo, na maelezo ya Luther hayaishii kwenye kukataza: yanamtaka Mkristo amtetee jirani yake na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Mwanafunzi anayejifunza amri hiyo akiwa na simu mfukoni ana haki ya kuelezwa kwamba kubonyeza na kupeleka mbele ni kushuhudia. Aelezwe pia kwamba Luther mwenyewe, aliyeutumia uchapaji kuieneza Injili, mwaka 1543 aliutumia kueneza maneno ya chuki juu ya Wayahudi, na karne nne baadaye Wanazi waliyachapa tena. Jina kubwa la mwandishi halituondolei wajibu wa kupima.

Pili, tunazo jumuiya za nyumba kwa nyumba. Zinafanana kwa umbo na vikundi vya mwaka 1973, ila hazifungwi na sauti moja. Mara moja kwa mwezi jumuiya inaweza kuchukua habari moja iliyozagaa mtaani na kuiuliza: Nani ameisema kwanza? Amejuaje? Nani anafaidika nikiiamini? Nani ataumia nikiipeleka? Siku hizi, ambapo akili mnemba hutengeneza picha na sauti ya mtu asiyewahi kuyasema maneno hayo, mtu mmoja akiwa peke yake hawezi kujibu maswali haya. Watu wanane walioketi pamoja wanaweza zaidi. Waberoya wa Matendo 17 hata mahubiri ya Paulo waliyachunguza kila siku, nao wakasifiwa kwa hilo.

Tatu, mimbari yenyewe ni chombo cha habari, na mara nyingi ndicho pekee ambacho msharika hakipimi. Mchungaji anayehubiri kisa alichotumiwa jana usiku bila kukihakikisha anakitia muhuri wa Kanisa, na kisa hicho kitakwenda mbali kuliko kingekwenda peke yake. Akikosea, asahihishe mahali palepale aliposemea, mbele ya watu walewale.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba msomaji wa Mambo Leo, msikilizaji wa mwaka 1964 na mwanakikundi wa mwaka 1973 walikuwa na vyombo duni kuliko vyetu, lakini walikuwa na watu wa kuwauliza. Hatuwezi kuirudisha miaka hiyo, wala hatutamani kurudi kwenye sauti moja. Tunachoweza ni kuwajengea washarika wetu mahali pa kuuliza. Mtume anawaagiza Wathesalonike kuyajaribu mambo yote na kulishika lililo jema, naye anatoa agizo hilo kwa wingi, kwa kusanyiko zima. Washarika wa Posta na Kariakoo watapokea ujumbe mwingine kabla ya Jumapili ijayo. Swali kwa kila mtumishi ni kama yupo mtu usharikani mwake ambaye wanaweza kumpelekea ujumbe huo kabla hawajawapelekea wengine.